Kabla hujanunua mota mpya, hamisha betri kwanza

Msomaji mpenzi, iwapo nyumbani kwako mna kijana ambaye hawezi kuona skrubu bila kutafuta bisibisi, basi makala ya leo yanakuhusu. Vuta kiti tuzungumze.

Mwezi jana nilimtembelea kaka yangu anayeishi mtaa wa South B hapa Nairobi. Kabla sijapanda ngazi nilisikia kelele nyuma ya ploti. Nilipochungulia niliona watoto wapatao kumi wamelizunguka rundo la mawe ya ujenzi, na katikati ya mawe hayo palikuwa na gari dogo aina ya Jeep, urefu wake karibu nusu mita, likiongozwa kwa rimoti. Lilipanda jiwe la kwanza. Likapanda la pili. Kwenye jiwe la tatu liliinua magurudumu ya mbele hewani, likasita, kisha likaanguka chali mithili ya kobe. Watoto waliangua kicheko. Mwenye gari, ambaye ni mpwa wangu wa kidato cha pili, hakucheka hata kidogo.

"Karibu, Shangazi," alisema akilifuta vumbi. "Hili gari shida yake ni nguvu. Nikipata mota kubwa, isiyo na brashi, litapanda hata ghorofa."

Alikuwa na shilingi 7,500 alizoweka akiba kwa kuosha magari ya majirani kila Jumamosi, na zote alitaka zimwishie kwenye mota hiyo. Baba yake naye alikuwa na maoni tofauti. Alama za Hisabati zilikuwa zimeshuka, na kaka yangu alikuwa ameshapata mtu wa Buru Buru aliyetaka kulinunua gari lenyewe. Angekuja kulichukua Jumamosi ya mwisho wa likizo.

Sasa, kwa kuwa mimi mwenyewe nimelichezea gari la aina hiyo kwa miaka mitatu (wenzangu afisini wanajua, na hawaachi kunicheka), nilijiingiza kati. Nilimwomba kaka anipe wiki mbili. Nilimwomba mpwa wangu anipe zile 7,500 nimwekee, naye asitumie hata senti bila ya kuniuliza. Hakuna aliyefurahi.

Kwanza nikueleze ni gari gani hili, kwa maana wengi wakisikia rimoti hufikiria vile vigari vya kukimbizana. Hili halikimbii. Kazi yake ni kutambaa juu ya mawe, polepole, bila kupinduka. Mkenya anaweza kulielewa upesi akiyakumbuka mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanza mwaka 1989 ili kuchangisha pesa za kujenga ua wa kuuzunguka msitu wa Aberdare. Ua huo wa kilomita zipatazo 400 ulikamilika mwaka 2009. Katika mashindano hayo mshindi si yule anayewahi. Ni yule anayevifikia vituo vyote 13 kwa saa 10 akiwa ametembea umbali mfupi zaidi kuliko wenzake, hata kama njia hiyo fupi ni korongo lenye mawe ya ukubwa wa kibanda. Basi haya magari madogo ni ndugu wa yale.

Uraibu wenyewe umekua sana huko Marekani. Waliotangulia walilichukua lori la Clod Buster, lililotolewa na kampuni ya Tamiya ya Japani mwaka 1987 likiwa na mota mbili, moja kwa kila ekseli, wakalikata na kulifunga upya hadi likaweza kupanda majabali. Baadaye viwanda vilianza kuunda magari maalumu ya kazi hiyo. La mpwa wangu ni Axial SCX10 II, muundo uliotoka mwaka 2016, na alilinunua likiwa limeshatumika na mtu mwingine. Ni la kipimo cha moja kwa kumi, yaani kila sentimita moja ya gari hili ni sentimita kumi za gari la kweli.

Ndani yake mna jambo moja ambalo fundi yeyote wa gereji atalitambua. Gari la barabarani lina difu inayoruhusu gurudumu moja lizunguke kuliko jingine wakati wa kukata kona. Juu ya mawe difu hiyo ni adui, kwani gurudumu likining'inia hewani huchukua mzunguko wote na kuzunguka bure, ilhali lile lililogusa jiwe linakaa kimya. Kwa hiyo ekseli za gari hili zimefungwa: gurudumu la kushoto likizunguka, la kulia lazima lizunguke. Ndiyo sababu hukata kona kwa shida, lakini hupanda.

Turudi South B. Jioni ile nilimuuliza mpwa wangu swali moja tu. Gari lilipoanguka chali, je, mota ilikuwa imesimama? Alifikiri. "La, ilikuwa inazunguka," akasema. Naam. Mota iliyoshindwa husimama na kunguruma. Hii ilikuwa na nguvu za kuliinua gari zima hewani na kulipindua. Ungeiongezea nguvu, lingepinduka mapema zaidi.

Tulichukua mizani ya jikoni ya shemeji yangu, ile ya kupimia unga wa keki. Tuliyaweka magurudumu ya mbele juu ya mizani na ya nyuma juu ya vitabu viwili vya kiada ili gari likae sawasawa. Mizani ilisoma gramu 1,210. Tukageuza, magurudumu ya nyuma yakasoma gramu 1,430. Kwa hiyo gari lote lilikuwa na gramu 2,640, na mbele palikuwa na asilimia 46 tu ya uzito. Hapo mpwa wangu alinyamaza. Gari likielekea juu kwenye mteremko mkali, uzito wote hurudi nyuma. Ikiwa hata kwenye meza tambarare nyuma tayari ni kuzito, huko juu magurudumu ya mbele yatashikilia nini?

Mwenye gari wa kwanza alikuwa ameifunga betri nyuma, nafikiri kwa sababu ndiko kulikokuwa na nafasi. Betri hiyo ina uzito wa gramu 300. Tuliitoa, tukaipeleka mbele, karibu na ekseli, tukaifunga kwa mkanda wa kunata na kipande cha bati alichokikunja fundi mmoja wa jua kali kule Kamukunji kwa bei ya soda. Tukapima tena. Mbele gramu 1,400 na kitu, yaani asilimia 53. Hatukuwa tumeongeza chochote. Tulikuwa tumehamisha tu.

Hatua iliyofuata ndiyo niipendayo zaidi, kwa maana huigharimu familia pesa kidogo. Wanaouza vipuri vya magari haya wana vyuma vizuri vya shaba ya manjano vya kufunga kwenye ekseli, lakini bei yake si mchezo. Badala yake tulikwenda kwa mziba pancha anayesawazisha magurudumu ya magari ya kweli, tukanunua vile vyuma vidogo vya kubandika kwenye rimu, vya gramu 5 kila kimoja. Rimu za gari hili hufunguka kwa skrubu, kwa hiyo tairi hutoka bila kukatwa. Tukabandika vyuma 16 ndani ya kila rimu ya mbele, safu mbili za vyuma vinane. Hizo ni gramu 80 kila upande. Mizani sasa ilisema asilimia 56 mbele. (Vyuma vingine vya aina hii ni vya risasi, na risasi ni sumu. Mwambie mtoto anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chapati, na asiviache sakafuni mtoto mdogo akavitia kinywani.)

Kwa nini ndani ya rimu na si juu ya gari? Kwa sababu uzito ulio chini huvuta gari chini, na ulio juu hulipindua. Matatu iliyojaza magunia kwenye keria huyumba kwenye kona. Iliyobeba mzigo sakafuni hutulia. Jeep ya mpwa wangu ilikuwa na keria ya chuma juu ya paa, madebe mawili ya mafuta ya kuigiza, na gurudumu la akiba. Vilipendeza, sikatai. Tulivitoa vyote. Alivitazama vikiingia kwenye kopo la biskuti kama mtu anayezika paka.

Halafu kuna matairi. Matairi haya hayajazwi upepo. Ndani yake mna sponji, na rimu ina kitundu kidogo cha kupumulia, ili jiwe likilibonyeza tairi hewa itoke nalo lilishike jiwe lile kama kiganja. Vitundu vya mpwa wangu vilikuwa vimeziba kwa matope. Tulivizibua kwa sindano. Sponji ya mbele ilikuwa ngumu mno, tukaikata pembetatu ndogo ndogo kuizunguka ili ilegee. Kisha tuliyasugua matairi kwa sabuni ya kuoshea vyombo na brashi, kwani vumbi lililochanganyika na mafuta huyafanya yateleze. Ukibonyeza tairi kwa kidole gumba linapaswa kuzama bila ya kukupinga, na ukiachilia lirudi taratibu. Tairi gumu lenye meno marefu huvutia kwenye picha tu.

Shoki nazo. Ndani yake mna mafuta ya silikoni yanayotia breki mwendo wa springi. Kwa mbio za kasi mafuta huwa mazito. Kwa mawe huwa mepesi, na springi laini, ili kila gurudumu lishuke lenyewe kulitafuta jiwe. Zilikuwa zimekauka. Kijana alikuwa ameshaanza kuzitia mafuta ya injini ya bodaboda, nami nilimshika mkono kwa wakati. Mafuta ya petroli ya aina hiyo huvimbisha vile vipete vya mpira vilivyomo ndani, na baada ya wiki chache shoki huvuja yote. Chupa moja ndogo ya mafuta ya silikoni yanayofaa ilitosha shoki zote nne na ikabaki.

Sasa tuseme machache kuhusu mota, maana najua ndiyo mliyoingojea. Mota za brashi huitwa kwa idadi ya mizunguko ya waya uliosukwa ndani yake. Mizunguko michache, tuseme 17 au 20, huleta kasi. Mizunguko mingi, 35, 45 au hata 55, huleta mwendo wa kinyonga na utiifu mkubwa kwenye kidole. Ya mpwa wangu ilikuwa ya 35, nayo ni nzuri kabisa kwa kazi hii. Kilichokosekana ni gia. Gia ndogo ya kwenye mota ilikuwa na meno 15 ikizungusha gia kubwa ya meno 60, yaani mota huzunguka mara 4 ndipo gia kubwa izunguke mara moja. Tulinunua gia ndogo ya meno 12, na sasa mota huzunguka mara 5 kwa kazi ile ile. Gari likawa la polepole zaidi, likawa na msuli zaidi, na mota ikaacha kuchemka. Gia mpya lazima iwe na meno ya kipimo kimoja na ile kubwa, la sivyo yatatafunana. Unapozifunga, tia ukanda wa karatasi ya daftari kati ya gia mbili, zisukume zikutane, kaza skrubu, kisha itoe karatasi. Nafasi inayobaki ndiyo inayotakiwa. Baada ya dakika kumi za kucheza gusa mota kwa kidole. Ikiwa huwezi kuvumilia kwa sekunde chache, ni moto mno.

Kijana alikokotoa yale mambo ya gia mwenyewe, na asilimia za mizani pia. Sikusema neno. Baba yake alikuwa amekaa kwenye kochi akisoma gazeti, lakini sikumwona akigeuza ukurasa.

Kuna kitu kimoja tulichokinunua kwa pesa za kweli, nacho ni sevo, yaani kile kimota kinachogeuza magurudumu ya mbele. Tulipoongeza uzito kwenye rimu, sevo ya zamani ilishindwa kugeuza gurudumu lililobanwa kati ya mawe mawili. Tulitafuta yenye nguvu ya kilo 20 kwa sentimita na gia za chuma. Tahadhari tu: sevo kubwa hunywa umeme mwingi, na ikiwa kile kisanduku kinachodhibiti mwendo hakiwezi kuitosheleza, redio huzimika ghafla gari likiwa katikati ya mawe. Soma maandishi ya vyote viwili kabla ya kulipa.

Hadi hapo ungefikiri yote yalikuwa mchezo. Msomaji, siku ya tatu niliingia chumba cha wavulana kutafuta chaja ya simu. Juu ya godoro, chini ya blanketi, nilikuta betri ya pili ya gari ikichajiwa. Ilikuwa imevimba kama mto mdogo. Mpwa wangu mdogo wa miaka sita alikuwa amelala kwenye godoro hilo hilo.

Hizi ni betri za lithiamu, za seli mbili, volti 7.4. Zina nguvu nyingi kwa uzito mdogo, na zikikosewa hushika moto mkali ambao hauzimiki kirahisi. Nilichomoa waya kwenye stima. Nikaibeba betri kwenye sufuria kuukuu hadi kwenye uwanja wa saruji, mbali na magari, na tukaiacha huko usiku kucha. Mikono yangu ilitetemeka hadi nilipofika chini. Walikaa orofa ya nne, na ngazi ni moja.

Tulipochunguza tulipata chanzo. Kile kisanduku cha kudhibiti mwendo kina kiplagi kidogo cha kuchagua aina ya betri, na kilikuwa kimewekwa upande wa betri za zamani za nikeli. Kwa hiyo hakikukata umeme betri ilipokaribia kuisha. Seli ya lithiamu isishuke chini ya volti 3. Hii ilikuwa imeshushwa mara nyingi, kisha ikachajiwa kwa nguvu. Seli iliyojaa ni volti 4.2, na ya kuwekwa kabatini kwa wiki nzima huachwa kwenye 3.8. Betri ya milliampea 2,200 huchajiwa kwa ampea 2.2, si zaidi, kwa chaja maalumu ya lithiamu inayopima kila seli peke yake.

Nawaomba wazazi mlishike hili hata kama mengine yote mtayasahau. Betri ichajiwe juu ya vigae au ndani ya chombo cha udongo, mbali na pazia, mtu mzima akiwa macho. Isichajiwe kitandani, wala usiku watu wakiwa wamelala. Ikivimba, haina tiba: isitobolewe, isichajiwe tena, isitupwe kwenye pipa la taka la ploti ambako watoto huokota vitu, bali ipelekwe kwa wanaopokea taka za vifaa vya umeme. Shilingi zilizobaki kwenye akiba ya mpwa wangu zilinunua chaja inayofaa. Yeye mwenyewe ndiye aliyelipendekeza hilo, kwa sauti ya chini.

Nilidhani kaka yangu angelitupa gari dirishani. Badala yake alimwita kijana sebuleni, akamwambia amweleze betri ile ilivimbaje, tangu mwanzo, bila kuficha. Walikaa hadi saa nne za usiku. Sikuingia.

Jumamosi ilifika. Tuliteremka sote kwenye mawe, hata shemeji na mizani yake. Jeep ilipanda jiwe la kwanza, la pili, na kwenye lile la tatu ilisita, tairi la mbele likalikumbatia jiwe, nyuma ikasukuma taratibu, ikapita. Watoto walipiga kelele utadhani Gor Mahia imefunga bao. Jiwe la nne pia. Kwenye la tano, lililo juu kabisa, gari lilisimama ghafla huku mota ikizunguka. Skrubu ya shafti ya nyuma ilikuwa imefunguka na kuanguka. Hatukuwa tumeipaka gundi ya skrubu, kosa langu kabisa, maana ndilo jambo la kwanza nililofundishwa miaka mitatu iliyopita. Skrubu za chuma kwenye chuma zipakwe gundi hiyo, tone moja tu. Zile zinazoingia kwenye plastiki ziachwe.

Simu ya kaka yangu ililia. Alikuwa ni yule mtu wa Buru Buru, tayari yuko langoni. Kaka yangu alikuwa amepiga magoti kwenye kokoto na mwanawe, wakiitafuta ile skrubu ya milimita 3 kwa tochi ya simu ya shemeji.

"Mwambie limeharibika," alinitupia simu yake. "Na usikanyage hapo."

Wanaotaka kuniuliza kuhusu vipimo vya springi waniandikie. Jumapili ijayo tutazungumzia mashine za kushonea za miguu, na jinsi ya kuzirekebisha bila kumwita fundi.